Kabla Hujatia Gia: Namna ya Kuondoa Barafu kwenye Vioo vya Gari

Kama unaishi Minneapolis na zamu yako inaanza saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Januari kitu cha kwanza kukuchelewesha ni gari lako mwenyewe. Usiku wa kawaida wa mwezi huo joto la pale hushuka hadi nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na zipo siku zinazopita nyuzi 25. Gari lililolala nje huamka na barafu kila upande: mbele huoni, nyuma huoni, na mlango wenyewe pengine hautaki kufunguka.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyehamia nchi za baridi na bado hujazoea, uwe Minnesota, Ohio, Alberta, Quebec, Uingereza au Ujerumani. Kazi hii haitaki nguvu nyingi wala dawa za bei mbaya. Inataka ujue barafu inavyoganda, uwe na vifaa vichache na ufuate mpangilio. Nusu yake hufanywa jioni kabla ya kulala. Ukiifanya nusu hiyo, asubuhi dakika tano hadi kumi zinakutosha. Ukiiacha, utahangaika na kioo gizani huku vidole vikifa ganzi, na ukipandwa na hasira unaweza kukipasua.

Barafu ziko za aina tatu

Ya kwanza ni jalidi, ambayo wengine huiita sakitu. Ni utando mweupe, mwembamba na mkavu, na ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi. Unyevu ulio hewani hugusa kioo kilichopoa chini ya sifuri, ukaganda papo hapo. Usiku wa anga jeupe, kioo hupoteza joto lake kuelekea angani upesi kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo maana simu inaweza kukuonyesha nyuzi 2 juu ya sifuri na bado ukakuta kioo kimeganda, ilhali gari la jirani lililoegeshwa chini ya paa li kavu. Ni jalidi hiyohiyo inayounguza viazi Nyandarua na kugeuza nyasi za Kitulo, kule Makete, kuwa nyeupe asubuhi za Juni na Julai.

Ya pili ni theluji. Ikiwa kavu hupeperuka kwa brashi tu. Ikiwa mbichi na nzito, ile ya chini huyeyuka kidogo ikigusa gari lenye joto, kisha usiku huganda upya na kushika kioo. Kwa hiyo theluji iliyoanguka jioni isilale juu ya gari. Ifagie kabla hujaingia ndani, hata kama hutoki tena hadi kesho.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: barafu angavu inayotokana na mvua inayoganda. Matone hushuka yakiwa maji, yakigusa kitu kilicho chini ya sifuri yanakuwa barafu. Huwezi kuiona vizuri kwa mbali. Ukiigonga kwa ukucha inalia, haimeguki. Januari 1998 mvua ya namna hii ilinyesha kwa siku kadhaa Quebec na mashariki mwa Ontario, ikaangusha minara ya umeme na kuacha mamilioni ya watu gizani. Yenye nguvu za kuangusha minara si ya kushindana nayo kwa mabavu, na tutaona hapa chini namna ya kuikabili.

Kabla ya kulala, tazama utabiri wa hewa na utafute mambo mawili: kama anga litakuwa jeupe, na kama kutakuwa na mvua wakati joto liko karibu na sifuri. Ukiwa Marekani kumbuka kwamba wao hupima kwa Farenhaiti, na 32 yao ndiyo sifuri yetu. Kuna pia ile namba ya pili inayoonyesha baridi inavyosikika mwilini upepo ukivuma. Namba hiyo ni ya ngozi yako, kwa hiyo itumie kuchagua nguo. Kwa kioo, soma joto lenyewe la hewa.

Vifaa vya kuwa navyo

Nunua mapema, kabla ya theluji ya kwanza, kwa sababu siku ikishaanguka maduka huishiwa.

Kikwangulio cha plastiki chenye brashi upande wa pili. Chagua chenye mpini mrefu ili ufike katikati ya kioo cha mbele bila kulala juu ya boneti. Angalia ukingo wake: uwe umenyooka, usiwe na pengo wala meno yaliyovunjika. Vingi vina upande mwingine wenye meno makubwa ya kuchanja barafu nene. Ukingo ukishakuwa butu tupa ununue kingine, kwa kuwa ni kifaa cha bei ndogo.

Glavu zisizopitisha maji. Za sufu hulowa dakika ya kwanza, na glavu iliyolowa katika baridi kali ni mbaya kuliko mkono mtupu.

Maji ya kuoshea kioo ya msimu wa baridi. Maji ya bomba, au yale ya kiangazi, huganda kwenye tangi na mipira yake na yanaweza kupasua pampu. Marekani, galoni nyingi za majira ya baridi huandikwa -20 kwa Farenhaiti, yaani takriban nyuzi 29 za Selsiasi chini ya sifuri. Mengi kati ya maji hayo yana methanoli, ambayo ni sumu kali. Rangi yake ya buluu huvutia watoto, kwa hiyo yaweke mahali wasipofika na usiyahamishie kwenye chupa ya soda.

Chupa ya kupuliza yenye alkoholi. Famasia huuza spiriti ya kusafishia ngozi, ile ya isopropili ya asilimia 70, kwa bei rahisi. Changanya sehemu mbili za spiriti na sehemu moja ya maji. Baridi ikizidi, itumie bila kuongeza maji. Isopropili tupu haigandi hadi nyuzi 89 chini ya sifuri, ndiyo sababu inapogusa barafu huishusha kuwa maji. Lakini inashika moto upesi: usiipulize ukiwa na sigara. Usiimwage pia kwenye glavu wala ngozi. Kimiminika kisichoganda kikiwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri huunguza vidole kwa sekunde chache.

Kitambaa laini, kikavu, cha kufutia kioo kwa ndani.

Swali ambalo wengi hawalifikirii ni mahali pa kuhifadhi vitu hivi. Ukifungia kikwangulio kwenye buti, siku buti likiganda huna kitu. Kimoja kiweke chini ya kiti cha abiria, na kingine pamoja na chupa ya spiriti vikae ndani ya nyumba karibu na mlango.

Nusu ya kwanza ya kazi: jioni

Zima waipa kabla hujazima injini. Zikibaki zimewashwa, kesho ukiwasha gari zitajaribu kusogea huku zimeshikwa na barafu. Mpira utachanika, fyuzi itaungua, au mota itakufa.

Zinyanyue waipa zisiguse kioo, hasa mvua au theluji ikitarajiwa. Upepo ukiwa mkali ziache chini, maana mkono wa waipa ukipigwa na upepo ukarudi kwa kishindo unaweza kupasua kioo. Katika magari mengine waipa hujificha chini ya ukingo wa boneti. Soma kitabu cha gari lako uone jinsi ya kuzipandisha kwanza, usizivute kwa nguvu.

Chagua pa kuegesha. Chini ya paa ni pazuri kuliko pote. Usipopata paa, egesha karibu na ukuta wa nyumba au chini ya mti usio na matawi makavu, kwa sababu chochote kinachokizuia kioo kutazama anga hupunguza jalidi. Kama unatoka baada ya jua kuchomoza, elekeza kioo cha mbele mashariki jua likusaidie.

Funika kioo cha mbele. Vifuniko maalumu vina masikio ya kubania kwenye milango, visiibwe wala kupeperushwa. Boksi kavu lililokunjuliwa nalo hufaa usiku wa jalidi, ilimradi kioo ni kikavu unapoliweka. Usitumie taulo wala kanga iliyolowa. Itaganda pamoja na kioo na utakuwa umejiongezea kazi.

Punguza unyevu ndani ya gari. Theluji unayoingia nayo kwenye viatu huyeyuka sakafuni, mvuke wake hupanda na kuganda kwenye vioo upande wa ndani. Kung'uta viatu kabla ya kuingiza miguu. Tumia mazulia ya mpira yanayoshika maji, uyamwage jioni. Ukifika nyumbani, acha milango wazi dakika moja hewa ya joto yenye unyevu itoke, ndipo ufunge.

Kama uko Edmonton au Winnipeg, pengine gari lako lina waya wenye plagi unaoning'inia mbele. Ni hita ya kupasha injini. Ichomeke kwenye umeme kwa kifaa cha kuhesabu muda, iwake saa mbili hadi nne kabla hujatoka. Injini ikiwa vuguvugu, hewa ya kwanza itakayopuliza kioo itakuwa na joto. Wenye magari ya umeme wana nafuu zaidi: weka ratiba kwenye programu ya simu, gari lijipashe joto likiwa bado kwenye chaja, ili usile betri ya safari.

Nusu ya pili: asubuhi

Fuata mpangilio huu jinsi ulivyo. Ukibadilisha zamu za hatua utarudia kazi.

1. Anza na ekzosi. Kabla ya kuwasha injini, zunguka nyuma uone kama bomba la moshi halijazibwa na theluji. Likizibwa, hewa ya kaboni monoksaidi huingia ndani ya gari. Haina harufu wala rangi, na huua mtu akidhani anasinzia. Kwa sababu hiyohiyo usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, na hata mlango wake ukiwa wazi, litoe nje kwanza.

2. Fungua mlango kwa akili. Ukigoma, usiuvute kwa nguvu, maana mpira wa mlango utabanduka. Usukume kwanza kwa bega, kama unayetaka kuufunga zaidi, barafu iliyo kwenye mpira ivunjike. Jaribu pia milango mingine. Kitasa kikiwa kimeganda, paka ufunguo vitakasa mikono vyenye alkoholi, uingize taratibu. Usipulizie tundu kwa mdomo, kwani pumzi yako ina unyevu na utaongeza barafu.

3. Washa injini na uelekeze hewa kwenye kioo cha mbele. Tafuta kitufe chenye mchoro wa kioo kilichopinda na mishale ya mawimbi inayopanda. Chenye mchoro wa mstatili na mishale ni cha kioo cha nyuma, na magari mengi hupasha kwa pamoja vioo vya pembeni. Anza na joto la wastani, kisha ongeza kadiri injini inavyopata moto. Zima ule mzunguko wa ndani, yaani kitufe chenye mshale unaopinda ndani ya gari, ili hewa kavu ya nje iingie. Washa na kiyoyozi. Watu hushangaa kuambiwa wawashe kiyoyozi wakati wa baridi, lakini kazi yake hapa ni kukausha hewa. Baridi ikiwa kali mno hakitafanya kazi, na hakuna hasara.

4. Fagia theluji kuanzia juu. Paa kwanza, kisha vioo, boneti na buti. Ukianza na kioo, ya paani itakumwagikia. Na ukiiacha paani, breki ya kwanza itaishusha yote mbele yako ukiwa katikati ya barabara.

5. Puliza spiriti juu ya barafu iliyobaki. Anza ukingo wa juu wa kioo ishuke yenyewe. Subiri dakika moja au mbili. Utaona weupe unafifia na maji yanaanza kutambaa chini.

6. Kwangua. Hapa mkono ndio unaoamua. Shika kikwangulio kwa mwinamo, takriban nusu ya pembe mraba kutoka kwenye kioo, usukume kwenda mbele kwa mikwaruzo mifupi inayofuatana. Anzia ukingoni karibu na mlango, halafu ingia katikati. Ukiwa na mwinamo sahihi jalidi hutoka kwa utepe, ikikunjamana mbele ya ukingo, na chini yake kioo kinabaki kikavu. Ikitoka unga tu na kuacha mistari, ama ukingo ni butu ama umeulaza kupita kiasi. Barafu nene ichanje kwanza kwa upande wa meno, msalaba kwa msalaba, halafu geuza ukingo ulionyooka. Kama kioo kina mchanga au chumvi ya barabarani, kifagie vizuri kabla, kwa sababu punje zikinaswa chini ya kikwangulio huchora kioo.

7. Safisha vioo vyote. Cha mbele, viwili vya milango ya mbele, vya nyuma, na vioo vya pembeni. Vya pembeni havitaki nguvu, maana vingine vina mota dhaifu. Puliza spiriti ufute.

8. Zilegeze waipa kwa mkono. Zishike kwa vidole na ubandue vipande vya barafu vilivyoganda kwenye mpira. Zirudishe kwenye kioo, ndipo uziwashe. Usinyunyize maji ya kuoshea kabla kioo hakijapata joto, kwani methanoli ikikauka hupoza kioo, na maji yanayobaki huganda mbele ya macho yako.

9. Malizia na taa, pleti namba na kamera. Taa za zamani zilikuwa na joto la kuyeyusha theluji zenyewe. Za LED hazina, kwa hiyo zifute kwa mkono, za mbele na za nyuma. Magari mapya yana kamera nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na vihisi kwenye bampa. Vikifunikwa, breki ya dharura na vifaa vingine vya usalama vinaweza kuzimika.

Barafu iliyo ndani

Siku nyingine nje ni safi lakini ndani kioo kimeganda. Ni pumzi yako ya jana na theluji ya viatuni. Kabla ya kukwangua kwa ndani, acha hita ifanye kazi yake, maana unga wa barafu utakaoangusha kwenye dashibodi utayeyuka na kurudi tena kuwa ukungu. Kwenye kioo cha nyuma usikwangue ndani kabisa. Ile mistari myembamba inayopita kutoka upande hadi upande ni nyaya za kupasha joto zilizobandikwa juu ya kioo. Ukiukata mmoja, eneo lake halitapata joto tena.

Usifute ukungu kwa kiganja. Mafuta ya ngozi hubaki kwenye kioo na kesho yake ukungu hushika hapohapo zaidi. Tumia kitambaa kikavu, na mara moja kwa wiki safisha vioo kwa ndani. Ikiwa ukungu hauishi hata gari likiwa kavu, na unasikia harufu tamutamu, mwonyeshe fundi. Huenda hita inavuja maji ya rejeta.

Yasiyofaa, hata ukiona jirani anafanya

Maji ya moto. Kioo cha mbele kimeundwa kwa vioo viwili vilivyobanwa na plastiki katikati. Uso wa nje ukipashwa ghafla huku wa ndani umeganda, kioo hukakamaa pande mbili tofauti na kupasuka. Chenye alama ndogo ya jiwe ndicho huanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni kununua kioo kipya. Alama ya jiwe ishughulikiwe kabla ya Desemba. Hata kioo kikinusurika, maji yaliyomwagika huganda chini ya miguu yako mlangoni.

Kisu, mwiko wa chuma au bisibisi. Vyote huchora kioo, na mikwaruzo hiyo huwaka machoni unapokutana na taa za gari usiku. Kikwangulio kikipotea, tumia kadi ya plastiki ya dukani ambayo hutaihitaji tena. Kadi ya benki ikikatika kwenye baridi, utakosa na hela.

Chumvi. Inayeyusha barafu kweli, lakini inakula rangi na bati la gari.

Siki. Wengi husema upake jioni. Siki ya kawaida huganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa hiyo haikusaidii Minneapolis.

Kugonga kioo kwa ngumi au mpini. Barafu ya mvua iliyoganda inashika kioo kote, na unachokigonga ni kioo chenyewe. Hapa dawa ni joto na subira: washa hita, keti ndani au simama karibu, uiache ilegee chini kwa chini hadi itoke kwa mabamba. Dakika ishirini si nyingi. Wakati huo mwaga mchanga au chumvi ya njiani kwenye ngazi na njia yako, si kwenye gari, maana wengi huvunjika mkono kwa kuteleza kabla hawajalifikia gari.

Kuacha gari linanguruma na kuingia ndani. Wezi huzunguka asubuhi za baridi wakitafuta magari ya namna hiyo. Uingereza, kuacha injini inawaka barabarani bila mtu ni kosa, na gari likiibwa ufunguo ukiwa ndani, bima inaweza kukataa kulipa. Ujerumani ni marufuku kuacha injini ikiunguruma tu ili kupasha gari joto. Ukiwa na kiwashio cha mbali kinachofunga milango, shida hiyo hupungua. Usipokuwa nacho, kaa na gari lako uendelee kukwangua.

Sheria inasemaje

Kutazama kupitia tundu dogo la kioo ni hatari kwa wote walio barabarani, na polisi wanalijua hilo. Minnesota inakataza kuendesha gari ambalo kioo chake cha mbele au cha milango ya mbele kimefunikwa na jalidi au mvuke kiasi cha kuzuia kuona. Kanuni za barabarani za Uingereza zinataka uweze kuona kupitia vioo vyote, taa na pleti namba ziwe safi, na theluji inayoweza kuangukia wengine iondolewe. Pennsylvania ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 2022, iitwayo Sheria ya Christine, inamtaka dereva ajitahidi ipasavyo kuondoa theluji na barafu iliyojikusanya kwenye gari ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Imepewa jina la mwanamke aliyeuawa Krismasi ya 2005 na bamba la barafu lililoruka kutoka kwenye lori. Kwa hiyo paa la gari lako linamhusu pia anayekufuata nyuma.

Kama una muda mfupi

Siku utakapochelewa kuamka, utashawishika kusafisha upande wa dereva pekee na kuondoka. Kama kuna kitu cha kupunguza, punguza chai. Mpigie msimamizi wako umwambie utachelewa robo saa. Wanaofanya kazi kwenye ghala na nyumba za wazee wamezoea simu hizo, na robo saa ya mshahara ni ndogo kuliko gharama ya ajali.

Leo jioni, kabla hujafunga mlango, toka nje ufanye mambo manne: zima na unyanyue waipa, fagia kilichoanguka, funika kioo, na uingize kikwangulio ndani ya nyumba. Kesho asubuhi usitie gia mpaka umeona mbele, nyuma na pande zote mbili.